« Tintin au Congo »: matusi yaliyo katika namna ya kuongea

Miaka zaidi ya 90 tangu kitokee, kitabu cha katuni « Tintin au Congo » kingali kinauzwa, na maneno yake yangali yanaumiza.

Mbelgiji Hergé alianza kukichapisha mwaka wa 1930, katika gazeti la watoto la Brussels, bila kukanyaga Congo hata siku moja. Wakongomani aliowachora wanaongea Kifaransa kibovu. Milou, mbwa wa Tintin, anaongea Kifaransa safi, tena anawaita wavivu.

Mwaka wa 2007, Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongomani anayeishi Ubelgiji, alipeleka mashtaka. Aliomba kitabu kipigwe marufuku, ama angalau kiwekewe onyo. Mwaka wa 2012, mahakama ya Brussels ilikataa, na ile ya rufaa vilevile. Majaji walisema kitabu ni cha wakati wa ukoloni, na Hergé hakuwa na nia ya kuchochea ubaguzi.

Lakini Hergé mwenyewe alikubali kurekebisha. Mwaka wa 1946 aliondoa somo ambamo Tintin anawaambia wanafunzi kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka hesabu. Mwaka wa 1967 alibadilisha maneno ya Waafrika katika « Coke en stock », kisha kulaumiwa. Kifaransa kibovu cha Wakongomani kilibaki.

Mtoto wa Goma ama Bukavu anayekisoma leo hajui habari za 1930. Anaona tu mtu anayefanana na baba yake akiongea kama mjinga. Wasomaji wa Kiingereza waliwekewa onyo. Mtoto huyo naye analihitaji.