Jiko la Namoto ni Darasa

Ndugu askari apatapo likizo akarejea kwake Namoto, karibu na Mto Ruvuma, humkuta mwanawe ameketi jikoni na mama yake. Asimfukuze. Tangu mashambulio ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017, shule nyingi za Cabo Delgado zimepata kufungwa kwa vipindi virefu, bali moto wa jikoni huwashwa kila siku.

Nazi mbili kwa walaji wanne ni nusu nusu: hiyo ni hesabu. Lugha ya shule ni Kireno, hali nyumbani husemwa Kimakonde, Kimwani au Kiswahili. Basi chumvi na aiite sal, maji água. Atashangaa kuona kwamba mpunga, mchele na wali, vyote kwa Mreno ni arroz tu. Hapo, kwa maoni yetu, Kiswahili kimemshinda.

Lakini somo kubwa ni muhogo mchungu. Una sumu ya sianidi, ambayo hupunguzwa kwa kumenya, kuloweka siku kadhaa na kuanika vema. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula, njaa iliwafanya watu wafupishe kazi hiyo. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao watoto na kina mama, walipooza miguu ghafla, na ulemavu huo hauponi. Wenyeji waliuita mantakassa.

Kwa hiyo mtoto na ahesabu siku za kuloweka, aubonyeze muhogo, aunuse, aulize kwa nini juzi ulikuwa mgumu na leo umelainika. Baba naye ashike kisu amenye.