Kuthibitisha Hati kwa Njia ya Intaneti: Mambo Yanayopasa Kufahamika

Wananchi wengi wa visiwa vyetu wana jamaa walioko ng'ambo, na mara kwa mara hutokea haja ya jamaa hao kutia saini hati itakayotumika hapa nyumbani. Hati inayohitajika zaidi ni ile ya uwakala, khasa pale warithi wanapotaka kugawana nyumba au kuuza shamba, na mmoja wao hayupo nchini. Ilivyokuwa sasa zipo nchi zinazoruhusu hati kama hizo kuthibitishwa kwa njia ya intaneti, maelezo haya yanatolewa ili wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla waufahamu utaratibu huo, nguvu yake na mipaka yake.

Kazi ya mthibitishaji

Desturi ya kuandikiana mbele ya mashahidi si ngeni kwetu. Mthibitishaji wa hati ni shahidi aliyepewa mamlaka na sheria. Kazi yake ni kuhakikisha mambo matatu: kwamba anayesaini ndiye mwenyewe, kwamba anafahamu anachokisaini, na kwamba anasaini kwa hiari yake bila ya kulazimishwa. Akisharidhika, hutia saini na mhuri wake, na huandika habari hiyo katika daftari lake. Ifahamike kuwa mhuri huo hauthibitishi ukweli wa maneno yaliyomo ndani ya hati. Unamthibitisha mtu na saini yake tu.

Utaratibu wa intaneti ulivyo

Nchini Marekani, jimbo la Virginia ndilo lililotangulia. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika mwaka 2012. Majimbo mengine yalifuata, na maradhi ya korona ya mwaka 2020 yaliharakisha jambo hilo, kwani watu hawakuweza kufika maofisini. Hivi sasa majimbo mengi ya nchi hiyo yana sheria za namna hii.

Mwenye kusaini na mthibitishaji huonana na kusikilizana kwa picha ya video. Kitambulisho huoneshwa mbele ya kamera na kukaguliwa kwa programu maalumu. Kisha mwenye kusaini huulizwa maswali kuhusu maisha yake, kama vile anwani alizowahi kuishi au mikopo aliyowahi kuchukua. Katika jimbo la Florida, kwa mfano, maswali hayapungui 5, hujibiwa katika dakika 2, na asilimia 80 ya majibu lazima iwe sahihi. Mazungumzo yote hurekodiwa, na katika jimbo hilo rekodi huhifadhiwa kwa miaka 10. Ada ya mthibitishaji huko haizidi dola 25 kwa kila uthibitisho.

Hapa pana jambo ambalo jamaa zetu wengi hawalitambui mpaka wakwame. Maswali hayo hutolewa katika kumbukumbu za Marekani. Aliyehamia huko karibuni, ambaye hajawahi kukopa wala kumiliki kitu, huwa hana kumbukumbu za kuulizwa, na aghalabu hukataliwa hata kama paspoti yake ni halali. Mtu wa namna hiyo hana budi aende mwenyewe kwa mthibitishaji, uso kwa uso.

Hati inapofika nyumbani

Hati iliyothibitishwa kwa intaneti huwa ni faili la kompyuta lenye mhuri wa elektroni. Mtu akibadilisha hata herufi moja baada ya kutiwa mhuri, faili lenyewe huonesha kuwa limeguswa. Kinga hiyo imo ndani ya faili tu. Ikishachapishwa katika karatasi, hubaki picha ya mhuri, na picha humwezekania mtu yeyote kuitengeneza. Kwa hiyo mfanyakazi anayeletewa karatasi ya aina hii na aombe faili lenyewe, wala asitosheke na kivuli chake.

Aidha, uthibitisho wa Marekani peke yake haumfungi mtu wa nchi nyingine. Kwa nchi zilizomo katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, Oman ikiwa mojawapo, hati huongezewa cheti kimoja kiitwacho apostili, ambacho hutolewa na jimbo husika. Kwa nchi isiyokuwemo katika Mkataba huo, hati hupitishwa kwanza jimboni, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na mwisho ubalozi wa nchi inakopelekwa. Jamaa aliyeko huko na aulize kwanza Ubalozi wa Tanzania ulioko Washington ni njia ipi impasayo.

Kwa upande mwengine, mkaazi wa hapa anayetakiwa na benki au mahakama ya Marekani kuthibitisha hati anaweza kufika mwenyewe katika Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, kwa miadi. Hati isisainiwe nyumbani. Saini hutiwa mbele ya ofisa.

Wananchi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

(i) Kabla ya kulipa ada yoyote, ulizeni ofisi itakayoipokea hati kama inakubali uthibitisho wa intaneti. Jibu hilo lipatikane kwa maandishi.

(ii) Hati ya uwakala iseme wazi mali inayohusika, kazi anayopewa wakala na muda wake. Uwakala usio na mpaka humpa mtu uwezo wa kuuza kila kitu.

(iii) Mnunuzi asitoe fedha kwa kuoneshwa karatasi katika simu. Azungumze na mwenye mali mwenyewe, na asubiri hati ikubaliwe na ofisi husika.

Shamba lililouzwa kwa hati isiyo sahihi huleta kesi ya miaka baina ya ndugu, na aliyeko mbali huwa wa mwisho kupata habari. Siku chache za kuulizia na kuhakikisha ni nafuu kuliko hasara hiyo.