Funza na Kiroboto wa Panya

Si watu wengi wajuao ya kuwa funza aingiaye miguuni ni kiroboto hasa, ndugu wa yule kiroboto wa panya aletaye tauni. Wote wawili hunywa damu, na mabuu yao hukulia mavumbini. Kutoka hapo njia zao huachana.

Funza ni mgeni katika Afrika. Mwaka 1872 merikebu iliyotoka Brazil ilimleta Angola ndani ya mchanga wa farumi. Alivuka bara katika nyayo za wasafiri na wapagazi, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika upande wetu wa mashariki. Urefu wake ni milimita moja tu, naye si mrukaji hodari. Ndiyo sababu hushika vidole na visigino. Jike akiisha kupenya ngozini hahami tena. Huacha tundu dogo la kupumulia na kutolea mayai, huvimba kama punje ya njegere, hutaga mayai mamia, kisha hufa mumo humo. Pini moja ikitumiwa kwa watoto wote wa nyumba, huwatoa funza na kuwapa watoto maradhi mengine. Nguruwe na mbwa nao huchukua funza, hivyo kumtibu mtoto na kumwacha mbwa alale jikoni ni kazi bure.

Kiroboto wa panya hana makao ya kudumu ngozini. Hunywa, hushuka, hurudi, na mayai yake huangukia tunduni mwa panya. Hatari yake ni huko kuhama. Panya akifa kwa tauni mwili hupoa, na viroboto humwacha wakitafuta damu yenye joto, hata ya mtu. Tena vijidudu vya tauni huweza kuziba njia ya chakula ya kiroboto, akashikwa na njaa isiyokwisha: huuma na kuuma tena, na damu aivutayo humrudia na kuingia jerahani pamoja na vijidudu. Mwaka 1902 mtaa wa maduka ya Wahindi mjini Nairobi ulichomwa moto kwa ajili ya ugonjwa huo.

Basi mwenye nyumba asifurahi aonapo panya wengi wamekufa pasipo sumu wala paka. Asiwashike kwa mikono, bali apeleke habari upesi kwa afisa wa afya. Na penye tauni, dawa ya viroboto hutangulia kunyunyizwa. Mitego ya panya hufuata baadaye.