Simba na Mti Uliozikwa Mara Mbili (Sehemu ya Tatu)

Simba wametajwa tena redioni, na hapa kijijini Mchukwi watu wanaulizana dungu la nani liko pembeni zaidi. Mliosoma sehemu mbili zilizotangulia mnajua nitawarudisha kwenye misitu ya pwani, kwa sababu simba hao wana mwenzao ambaye redio haimtaji.

Mwenzao ni mti: Erythrina schliebenii, ndugu wa mbambangoma, wenye miiba shinani na maua mekundu. Mjerumani Schlieben aliukusanya Lindi miaka ya 1930. Mwaka 1998 ukaandikwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana kwenye kipande kidogo cha msitu. Mwaka 2008 kipande hicho kikafyekwa ili yapandwe mazao ya kukamua mafuta ya mitambo. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena katika msitu wa Namatimbili, Kilwa, miti mikubwa ikiwa haifiki 50. Umehesabiwa maiti mara mbili, na hakuna aliyepiga mbiu.

Simba hahitaji mbiu. Kati ya 2002 na Aprili 2004, mmoja tu alihesabiwa kuwa ameua watu wapatao 35 huku Rufiji. Alipopigwa risasi, chini ya gego lake lililopasuka likakutwa jipu, na wengi wakaridhika kwamba kisa kizima ni jino. Mimi sikubali. Utafiti wa mtaalamu wa simba Craig Packer na wenzake, uliotoka 2005, ulihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu 1990, hasa msimu wa mavuno, mahali ambapo wanyama wengine wamepungua na nguruwe mwitu wamebaki. Nguruwe hufuata mpunga, simba humfuata nguruwe, na kati yao mama amelala na wanawe kwenye dungu la fito na makuti akilinda mpunga. Wengi wetu hatuli nguruwe, basi hatumwindi.

Panga linalofyeka msitu kwa ajili ya ufuta na mkaa ndilo linaloukata mti ule na kumwondolea simba swala wake. Tunamwita askari wa wanyamapori kwa simba. Kwa mti hatumwiti mtu. Serikali ya kijiji inayogawa shamba jipya itaje kwanza, mbele ya mkutano, msitu gani hautaguswa, na madungu yajengwe jirani jirani.

Wiki ijayo: magunia ya mkaa katika barabara ya Kilwa.