Uteuzi wa Dawa ya Kumtuliza Mbwa Mwenye Hofu kabla ya Kupelekwa kwa Daktari wa Mifugo: Mazingira ya Bagamoyo

Mbwa aliyelegea si lazima awe ametulia. Asepromazini hulegeza mwili bila kuondoa hofu ipasavyo. Mnyama huendelea kusikia, na aweza kung'ata ghafla. Katika nchi ambako kichaa cha mbwa bado kipo, hilo si jambo dogo. Aidha, dawa hiyo hushusha msukumo wa damu na kudhoofisha uwezo wa mwili kudhibiti joto, hatari iliyo dhahiri katika joto la pwani ya Bagamoyo. Trazodoni na gabapentini hulenga hofu yenyewe, zikitolewa takribani saa 2 kabla ya safari, kwa kipimo cha daktari. Hata hivyo, baadhi ya gabapentini ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu ina zailitoli, kiongeza utamu kilicho sumu kwa mbwa.