Sukari Imeshuka, Hofu Imepanda

Kadi ya kliniki ya kisukari ina nafasi ya kuandikia uzito, shinikizo la damu na kiwango cha sukari. Haina nafasi ya kuandikia kwamba mgonjwa ameacha kula pamoja na watoto wake.

Achukuliwe mfano wa mama wa miaka 52 mwenye kisukari aina ya pili. Mfano ni wa kutungwa, ila wauguzi wengi watamtambua mama huyu. Aliposikia kuwa wanga hupandisha sukari, aliacha ugali, wali na chapati. Sukari ikashuka, naye akafurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Baada ya miezi miwili akaacha maharage, kisha maembe na ndizi, kisha karoti, na mwishowe hata vitunguu vya kuungia mchuzi. Hujipima sukari mara nane au tisa kwa siku. Msibani huenda na mayai yake ya kuchemsha ndani ya kopo, au haendi kabisa. Mjukuu alipomletea kipande cha embe, alimfokea hadi mtoto akalia. Siku alipoonja nusu chapati kwa dada yake, alishinda na njaa siku mbili zilizofuata ili, kwa maneno yake, ajisafishe. Kliniki, daktari alitazama kadi: sukari 5.6, uzito umepungua kilo 11. Akamwambia, "Hongera mama, endelea hivyo hivyo."

Pongezi hiyo ilitolewa kwa nia njema, lakini ilimrudisha nyumbani akiwa na hofu iliyopata baraka za daktari.

Mlo wenyewe si ulaghai. Kabla insulini haijaanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1922, kunyimwa wanga, na mara nyingi kunyimwa chakula karibu chote, ndiyo tiba waliyokuwa nayo waganga wa kisukari. Huko Marekani, Mayo Clinic ilipendekeza mwaka 1921 mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo mno kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo mlo huo hutumika, chini ya uangalizi, kwa watoto ambao dawa zimeshindwa kuwatuliza. Watu wengi wenye kisukari aina ya pili wanaopunguza wanga huona sukari ikishuka na wengine hupunguziwa dawa. Mhudumu wa afya anayewaambia kwamba huo ni upuuzi hupoteza imani yao siku hiyo hiyo. Wataendelea na mlo wao, ila hawatamsimulia tena.

Ugumu ni kwamba mwili humpa mtu ushahidi anaousoma vibaya. Ini na misuli huhifadhi akiba ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Wanga ukikatwa ghafla, akiba hutumika na maji hutoka, hivyo sehemu kubwa ya kilo za wiki ya kwanza ni maji. Mtu akila sahani moja ya ugali, maji hurudi, mizani hupanda kesho yake, naye huamini amenenepa kwa mlo mmoja. Tena, mwili uliokaa muda mrefu bila wanga huupokea vibaya unaporudi: sukari huweza kupanda kuliko kawaida kwa siku chache. Ndiyo maana anayeandaliwa kupimwa kisukari kwa kunyweshwa glukosi huagizwa kula wanga wa kutosha, angalau gramu 150 kwa siku, kwa siku tatu kabla ya kipimo. Asiyejua hilo huona namba kubwa baada ya ugali na kusema, "Hii ni sumu kwangu." Asubuhi nayo ini humwaga sukari kwenye damu hata kama mtu hajala kitu, lakini lawama huangukia karoti ya jana usiku. Hata kifaa cha kupimia kina mipaka yake: viwango vya kimataifa vinakiruhusu kupishana na maabara kwa hadi asilimia 15. Palipo na sukari 6.0, kifaa kizima huweza kuonyesha 5.2 au 6.8. Mtu mwenye hofu hutafuta kosa alilotenda kati ya namba hizo mbili.

Mwaka 1997 daktari Mmarekani, Steven Bratman, aliipa hali hii jina la orthoreksia, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya hamu iliyo sahihi. Yeye mwenyewe aliwahi kuishi hivyo: hakula mboga iliyochumwa zaidi ya dakika 15 kabla. Orodha ya magonjwa ya akili iliyotolewa Marekani mwaka 2013 haikuliingiza jina hilo, na wataalamu bado wanabishana juu ya mipaka yake. Mgonjwa hana haja ya kungoja mabishano hayo yaishe.

Zipo hatari zisizoweza kungoja hata wiki moja. Anayetumia insulini au glibenklamidi akikata wanga bila dozi kurekebishwa huweza kuanguka kwa sukari kushuka mno. Mwenye kisukari aina ya kwanza akiacha insulini kwa kuamini mlo unamtosha, damu yake hujaa asidi, naye huweza kufa.

Kwa hiyo mhudumu akiona kadi nzuri, na aulize zaidi. Mara ya mwisho ulikula na wenzako lini? Ukila kisichokuwamo katika mpango wako, hufanya nini kesho yake? Orodha ya vyakula unavyokula imekuwa fupi kuliko mwaka jana? Maswali hayo yaulizwe bila mzaha, na ndugu watolewe nje kwanza, kwa kuwa mara nyingi wao ndio walinzi wa sahani, au ndio waliochoka nayo. Majibu yakionyesha hofu, mgonjwa aelekezwe kwa mtaalamu wa lishe na wa afya ya akili, huku kliniki ikikubaliana naye mara ngapi kipimo kina faida. Kwa anayetumia metformini pekee na sukari yake imetulia, kipimo cha tisa cha siku hakibadilishi tiba yoyote.

Vyakula hurudishwa kimoja kimoja, kwa kiasi kilichokubaliwa, wala haianzwi na ugali. Kwa mama yule ingeweza kuwa vitunguu vya mchuzi wiki ya kwanza, maharage wiki ya tatu, na baadaye kipande cha embe, akile pamoja na mjukuu, kifaa cha kupimia kikiwa kabatini.