Mtoto wa Kiislamu shule ya kanisa: Yasemwe kabla ya kulipa ada

Fomu ya kujiunga ikifika nyumbani, wazazi wengi hukimbilia ukurasa wa ada. Kisha huja orodha ya vifaa: godoro, ndoo, jembe, fyekeo, shuka mbili za rangi moja. Pengine katikati ya orodha hiyo kuna neno Biblia. Baba wa Kiislamu wa Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda, husoma, hunyamaza, hununua vyote. Shule ina sifa ya nidhamu na ufaulu, nafasi ni chache, naye anaogopa kwamba akiuliza ataonekana mkorofi. Mkuu wa shule naye hunyamaza. Mzazi amesaini, basi amekubali.

Anayelipia ukimya huo ni mtoto. Shuleni anapiga magoti kanisani alfajiri, likizo anasema hajawahi kukanyaga humo. Mwalimu anamwona mpole, mama anamwona mtiifu, kumbe ameshajifunza kuwaficha wote wawili. Siku baba anapokuta picha ya kwaya kwenye simu, hasira zinamwishia binti.

Swali la kwanza, basi, ni kama misa ni lazima. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani. Kanisa Katoliki lenyewe, katika tamko la Nostra Aetate la Oktoba 28, 1965, liliwahimiza Wakristo na Waislamu wasahau magomvi ya kale na watafute kuelewana. Mzazi anayeuliza hajamtukana mtu. Na shule inayojibu waziwazi kwamba wanafunzi wote huingia kanisani, walau imesema. Ni afadhali mzazi alisikie hilo Desemba kuliko Machi.

La pili ni kipindi cha dini. Kidato cha nne, Baraza la Mitihani hutahini Elimu ya Dini ya Kiislamu kama linavyotahini somo la Biblia. Mzazi aulize iwapo ustadhi anaweza kuingia shuleni kipindi hicho, na kama hapana, mtoto atakaa wapi wenzake wakifundishwa.

Ramadhani ndiyo hupima nia njema ya jikoni. Mpanda iko magharibi sana, jua huzama kama nusu saa baada ya Dar es Salaam. Mpishi anayesubiri adhana ya redio ya Dar atawafuturisha watoto jua likiwa bado linaonekana. Mwezi Februari magharibi ya Mpanda huingia baada ya saa moja usiku, wakati ambao bweni nyingi zimeshakula na watoto wako darasani kujisomea. Chakula cha kufuturu kitawekwa wapi, daku ataiwasha nani moto? Haya hayahitaji mkutano wa viongozi wa dini. Yanahitaji matroni na mama wa mtoto kupigiana simu.

Nyama si jambo la kuchezea. Februari 2013, ugomvi wa nani achinje ulimwaga damu Buseresere, Geita. Shule inayonunua nyama kwenye bucha inayofahamika, na kumtajia mzazi bucha hiyo, imemaliza kazi kwa sentensi moja.

Kuna familia nyingine ambazo hata hazikumbukwi. Katavi imepata jina kutokana na Katabi, mzimu ambao wenyeji husema unakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu hupeleka sadaka chini ya mti huo. Mtoto anayetoka nyumba inayoheshimu mizimu huandikiwa "hana dini", na mzazi wake hathubutu kusahihisha. Mwalimu akiyaita mambo ya babu yake ushetani mbele ya darasa, mtoto hatamweleza tena jambo lolote la kwao.

Limebaki moja ambalo hakuna anayependa kulitaja: ugonjwa wa ghafla, au kifo. Waislamu huzika mapema, na kuna namna yao ya kuosha na kukafini maiti. Usiku huo si wakati wa kuanza kutafuta mtu wa kuulizwa. Fomu ina mstari wa dini, na kando yake kuna nafasi inayotosha namba ya simu ya shehe wa msikiti wa jirani.